Mwezini Picha Ilifika, Kwenye Mbina Inakatika: Safari ya Kamera Isiyo na Waya Mpaka Bariadi

Julai 1969 watu wawili walitembea mwezini, na picha yao ikasafiri kama kilomita 384,000 mpaka ikafika duniani. Transmita iliyoituma ilikuwa na nguvu ya wati 20 hivi, yaani balbu ya stoo. Picha ilikuwa na ukungu, fremu 10 tu kwa sekunde, lakini ilifika na dunia ikaiona mubashara. Sasa chukua kamera kali ya siku hizi, funga juu yake transmita iliyotoka dukani juzi, mpe kijana machachari aingie nayo uwanjani Bariadi siku ya mbina. Kutoka alipo mpaka kwenye skrini ni mita 60. Manju anaingia, majembe yanarushwa juu, vigelegele kila kona, na skrini inakuwa nyeusi tii.

Mita sitini! Na mwezini ilifika.

Ukimuuliza mzee aliyekaa pembeni ya uwanja, usishangae akicheka na kukwambia upande wa pili wameshafanya mambo yao. Ni utani, ila una historia ndefu, na ukiielewa historia hiyo utaelewa pia kwa nini mafundi wa video wanalia na uwanja kama huu kuliko ukumbi wowote wa harusi Sinza au Mikocheni.

Kwa wale wa mjini ambao mbina wameiona kwenye simu tu: Usukumani ngoma ni ligi. Tangu karne ya 19 kuna kambi mbili kubwa, Wagika na Wagalu, zinazofuata nyayo za mahasimu wawili waliokuwa manju na waganga kwa wakati mmoja, Ngika na Gumha. Fikiria Simba na Yanga, kasoro refa na goli. Mavuno yakishaisha, kati ya Juni na Agosti hivi, watu wana nafasi na mfukoni kuna chochote, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo limeshinda, basi. Hakuna majaji wa kukaa mezani na karatasi.

Ndiyo maana manju wa zamani hakwenda uwanjani mikono mitupu. Alikuwa na dawa ya kuvuta watu na dawa ya kujikinga na dawa ya mwenzake, na juu ya hapo alikuwa na vituko. Wapo wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, wanaorusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza mdundo. Wapo Bayeye wanaoingia na nyoka hai, chatu wa kuzungushwa shingoni kama skafu. Kule Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, padri mmoja mmisionari kutoka Kanada alizipa ngoma hizi jukwaa kubwa kwenye sikukuu ya Bulabo, na mpaka leo watu wanajaa kila Juni. Lakini hesabu ya ushindi ni ileile: miguu ya watu. Umati ukihama, umeshindwa.

Shika hiyo kanuni ya ushindi, itarudi.

Tatizo la kwanza la kamera kwenye uwanja wa namna hii halihusu mawimbi hata kidogo. Ni waya. Waya wa HDMI wa kawaida ukipita mita 15 hivi picha inaanza kuwaka nyota au kupotea kabisa. Waya wa SDI, ule wa matangazo, unafika kama mita 100 kwa picha ya HD, na kwa ukumbi unatosha sana. Kwenye mbina sasa, unaupitisha wapi? Umati unahama kila dakika tano, na ukihama hauangalii chini. Wacheza ngoma wanapiga ardhi kwa miguu, wengine wameshika majembe yenye makali. Halafu fikiria ngoma ya nyoka: mchezaji anarudi kinyumenyume na chatu wake, anakanyaga kitu chembamba, cheusi, chenye kujikunja kwenye vumbi. Hapo anayepata mshtuko wa moyo ni nani, mchezaji au fundi wa waya?

Kwa hiyo hamu ya kukata waya ni ya haki kabisa. Na siyo ya leo.

Mwaka 1952 vyama viwili vikubwa vya Marekani vilifanya mikutano yao ya kuteua wagombea urais mjini Chicago, na watu wa televisheni wakaingia ukumbini na kamera ya kubeba ambayo transmita yake ilikaa mgongoni kama begi la shule. Ilikuwa nzito na picha yake ilikuwa ya kubahatisha, ila kwa mara ya kwanza mwandishi aliweza kupenya katikati ya wajumbe bila kuburuta kamba. Ukumbi uleule ukaonyesha ubovu wa teknolojia hiyo. Wimbi la redio halisafiri kwa njia moja. Moja linakwenda moja kwa moja, lingine linagonga ukuta, lingine linagonga bati, yote yanafika kwenye antena kwa kupishana kidogo sana. Enzi za analojia matokeo yake yalikuwa kivuli: mgombea anaonekana yuko wawili, mmoja amesimama nyuma ya mwingine kama mzimu.

Dawa ilipatikana kwenye miaka ya 1990, wahandisi walipoacha kutuma picha kwenye wimbi moja nene na kuigawa kwenye mawimbi membamba mengi sana. Kwenye mfumo wa televisheni ya dijitali uliotoka Ulaya mwaka 1997, aina mojawapo ina mawimbi 1,705 yanayosafiri bega kwa bega. Likiharibika moja au hamsini, yaliyobaki yanabeba mzigo, na mwangwi wa kwenye bati hauui picha tena. Kamera zisizo na waya za mashirika makubwa zikahamia humo. Bei yake lakini ilikuwa ya mashirika makubwa pia. Mtu wa kawaida hasogei.

Huku nyumbani wakati huo? Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jambo ambalo Wazanzibari hawajachoka kulitaja. Bara ilingoja mpaka 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza, ITV ikiwamo, na Televisheni ya Taifa ikaja mwaka 2000. Kanda ya Ziwa ikapata Star TV ya kwake kutoka Mwanza. Bariadi bado ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga, mbali na kila mnara. Ngoma ikirekodiwa, ilirekodiwa kwenye kanda, kanda ikapanda basi, na habari ikaonekana siku mbili tatu baadaye watu wameshasahau nani alishinda. Hakuna aliyelalamika sana. Neno laivu halikuwa na uzito lilio nao leo, ambapo jambo lisilokwenda hewani papo hapo linaonekana kama halijatokea.

Mambo yalibadilika haraka sana ndani ya muda mfupi. Mwaka 2012 Simiyu ikazaliwa kuwa mkoa: Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, Busega ikatoka upande wa Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu. Mwishoni mwa 2012 nchi ikaanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia. Mwishoni mwa 2013 Azam TV ikaingia sokoni, na mpira wa ligi kutoka viwanja vya mikoani ukawa kitu cha kuangalia kila wiki. Watazamaji wakazoea kamera nyingi, marudio, picha ya karibu kabisa ya jasho la mchezaji. Wakishazoea hivyo kwenye mpira, wanakuja kuitaka hivyohivyo kwenye harusi ya binamu.

Halafu mkoa wenyewe ukawa jukwaa. Oktoba 2016 mbio za Mwenge wa Uhuru zilifikia kilele chake Bariadi. Kuanzia 2018 Maonesho ya Nane Nane yakafanyika kitaifa kwenye viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji, na yakarudi hapohapo 2019 na 2020. Simiyu Jambo Festival nayo ikaja na mbio za baiskeli pamoja na ngoma za Wagika na Wagalu. Mkoa wa pamba na ng'ombe, ambao wengi wa Dar walikuwa wakiuchanganya na Shinyanga, ukajikuta una viongozi wa kitaifa, maturubai kila kona, skrini za LED na magari ya matangazo yenye sahani juu.

Mji ukishaonja hayo, vijana wa video nao wanataka. Na kwa bahati teknolojia ilikuwa inashuka bei kipindi hichohicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilitoka Teradek Bolt, kiboksi cha kufunga juu ya kamera kinachotuma picha safi bila kuchelewa. Watu wa filamu waliishangilia, lakini ilikuwa maelfu ya dola. Baadaye Hollyland wa Shenzhen wakaleta familia yao ya Mars kwa dola mia chache. Hapo ndipo kijana wa Bariadi mwenye kamera mbili na laptopu alipoweza kupiga hesabu: harusi tatu, sendoff moja, kifaa kimejilipa.

Na hapo ndipo kilio kilipoanzia, maana kuna namba moja iliyowapoteza wengi. Mars 300. Mars 400. Mtu anasoma anasema sawa, mita mia tatu, uwanja mzima huo! Siyo mita, bosi. Ni futi. Futi 300 ni kama mita 91. Na hizo 91 ni za mahali peupe, antena inaiona antena, hakuna mtu katikati. Nani kasema kwenye sherehe ya Wasukuma hakutakuwa na mtu katikati?

Sehemu inayofuata inaeleza karibu kila skrini nyeusi iliyowahi kumtoa jasho fundi wa video mkoani humo.

Vifaa hivi vingi vinatumia masafa ya gigahezi 5 na kitu. Kwenye gigahezi 5.8, wimbi moja lina urefu wa sentimita 5 hivi, karibu upana wa vidole vitatu. Wimbi fupi namna hiyo linabeba data nyingi, ndiyo maana picha ni kali, ila halina uwezo wa kuzunguka vizuizi. Na kizuizi chake kibaya kuliko vyote kwenye sherehe hakiko kwenye ukuta wala mbao. Ni maji. Binadamu sehemu kubwa ni maji. Kila mtu anayesimama kati ya kamera na kipokezi ni jaba la maji lenye miguu, linakula wimbi na kubakiza chenji. Watu kumi ni majaba kumi. Umati wa mbina ni bwawa.

Ukilijua hilo, kitendawili cha mwezini kinafunguka chenyewe. Kati ya mwezi na dunia hakukuwa na mtu. Huku chini wakawa wametega antena kubwa ajabu, ile ya Parkes kule Australia ina upana wa mita 64. Kwa hiyo wati 20 zilitosha, na fundi wa Bariadi, mwenye transmita isiyofika hata wati moja na kipokezi kilichofungwa kwenye meza ya plastiki chenye antena za urefu wa kalamu, asilaumu umbali. Alaumu meza.

Umati uliokuja kumshangilia manju ndio uleule unaokata picha yake. Kadiri anavyofanya vizuri, ndivyo watu wanavyosogea na kubanana, na ndivyo wimbi linavyozidi kumezwa. Kundi linaloshindwa halina shida hii. Limebaki na watu kumi na watoto wanne, picha yake inatoka safi kama tangazo la soda.

Ndiyo maana pia majaribio ya asubuhi ni mtego. Timu inafika saa mbili, uwanja mtupu, kijana anatembea na kamera mpaka kwenye mibuyu kule mwisho, picha haikatiki. Wanapongezana, wanakwenda kunywa chai. Saa tisa mchana watu wamejaa na ni kama uwanja umehamishwa. Wazoefu hawadanganyiki tena: wakati wa kujaribu wanaita bodaboda na wabeba viti wote waliopo, wanawapanga ukuta mbele ya kipokezi, ndipo wanaangalia kama picha inaishi. Aliyepima bila watu hajapima kitu.

Dawa yenyewe ni ya bei rahisi mpaka inakera. Juu. Pandisha kipokezi juu ya vichwa. Wengi wakiambiwa hivyo wanakipandisha usawa wa kichwa na kuona wamemaliza. Hapana. Njia ya wimbi haifanani na kamba iliyovutwa; inafanana na papai refu, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa umbali wa mita 100 kwenye gigahezi 5.8, tumbo la papai hilo lina unene wa zaidi ya mita 2. Kwa hiyo hata kama antena zinaonana kwa juu juu, kofia na ngao na manyoya ya wacheza ngoma yakiingia kwenye lile tumbo, picha inaumwa. Nguzo ya mita tatu mpaka nne inabadilisha kila kitu. Mti uliochongwa vizuri unafaa, bomba la maji linafaa, mradi antena zenyewe zisimame wima na zisigusane na chuma, maana chuma kilicho karibu kinapotosha wimbi.

Upande wa kamera nao una kichekesho chake. Vijana wengi wanafunga transmita kiunoni ili kamera iwe nyepesi. Mshika kamera akigeuka kumfuata manju, mwili wake mwenyewe unakaa kati ya transmita na kipokezi. Amejizima. Iwekwe juu ya kamera, au kwenye kijiti kinachopita kichwa chake.

Wafaransa wanaijua habari hii ya kupandisha juu kwa kiwango kingine. Kwenye Tour de France kamera ziko juu ya pikipiki zinazokimbia kati ya milima na vijiji. Pikipiki haijaribu kufikisha picha kwenye gari la matangazo lililo makumi ya kilomita mbele. Inatuma juu, kwa helikopta na ndege zinazozunguka angani, na ndege ndiyo inayoteremsha. Kwa mbio za baiskeli za Simiyu hakuna wa kulipia ndege, ila wazo linabaki lilelile, na mkoa una vilima vya mawe vilivyokaa kama vimewekwa kwa ajili ya antena.

Jambo lingine ambalo wazoefu wanafanya na wageni hawafanyi: kipokezi wanakisogeza kwa kamera. Mgeni anakaa na kipokezi pale penye miksa ya video, mbali, chini ya turubai, na anataka wimbi lipenye umati wote limfuate alipo. Mzoefu anasimika nguzo pembeni kabisa mwa duara la ngoma, mita 20 tu kutoka kwa kamera, kisha kutoka kwenye nguzo anashusha waya wa SDI unaopita nyuma ya uzio mpaka kwenye miksa. Waya haujafa, umeondolewa miguuni tu. Ukiongeza umbali wa hewani mara mbili, nguvu inayofika inabaki robo. Ukiupunguza nusu, inakuwa mara nne. Hakuna antena ya dukani inayokupa zawadi kama hiyo bure.

Kisha kuna kelele, na hapa namaanisha kelele ya mawimbi. Masafa haya ni ya wote, kama barabara ya vumbi isiyo na tuta. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu za waifai zisizokanyagana, na siku ya sherehe simu mia tano zinapita humo pamoja na maiki za bei poa na spika za bluututhi. Gigahezi 5 kuna nafasi zaidi, lakini baadhi ya chaneli zake zina mwenyewe, rada za hali ya hewa. Kifaa cha halali kikiwashwa kwenye chaneli hizo lazima kikae kimya kisikilize kwa sekunde 60 kwanza, na kikisikia rada kinatakiwa kihame. Ukikizima na kukiwasha tena katikati ya shughuli kwa hasira, umejinunulia dakika nzima ya giza. Halafu anakuja mwenye droni, ambayo nayo inaongea na rimoti yake kwenye 2.4 na 5.8 hizohizo. Timu mbili zilizoalikwa na kamati moja bila kuambiana zinaweza kuuana picha mchana kutwa, kila moja ikiamini mwenzake ana kifaa kibovu. Dakika tano za kukaa pamoja na kugawana chaneli kwenye karatasi zinatosha.

Wapo wanaosema acha hayo yote, tumia mtandao wa simu. Mabegi yanayochanganya laini kadhaa za simu kwa pamoja yapo tangu miaka ya 2000, kampuni kama LiveU iliyoanzishwa 2006 ilijengwa juu ya wazo hilo, na kwa kutoa picha Bariadi kwenda studio Dar ni kitu cha maana sana. Kwa skrini iliyo hapohapo uwanjani ni kujitesa. Picha inachelewa sekunde kadhaa, na siku ya watu wengi mnara unaelemewa kwa sababu kila mtu yuko laivu na bando lake. Kiboksi cha 5 kinachochelewa sehemu ya kumi ya sekunde bado kinavumilika. Tena kwa mtu aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika inakaribia kukaa sawa kabisa, kwa sababu sauti nayo inatumia sehemu ya kumi ya sekunde kumfikia. Aliye mbele ndiye ataona mdomo unafuata wimbo nyuma.

Sasa irudi ile kanuni ya ushindi. Kwenye harusi, picha ikikatika dakika mbili wakati wa keki, hasara inajulikana: mama wa bwana harusi aliyekaa nyuma hajaona, kamati inanuna, nusu ya malipo iliyobaki inaanza kuwa na maswali. Inauma, ila inaishia hapo. Kwenye mbina ni kitu kingine kabisa. Ukiweka skrini kubwa katikati ya uwanja, kamera moja kwa Wagika na moja kwa Wagalu, umeingiza mkono wako kwenye hesabu. Mtu aliyekuwa anasikia kelele upande wa pili na kukimbia kwenda kuangalia sasa anaangalia skrini kwanza. Skrini ikionyesha upande mmoja kwa dakika tano kwa sababu kamera ya upande wa pili imekata, watu watafuata picha. Na ni upande gani utakata? Ule wenye watu wengi. Yaani aliyekuwa anashinda ndiye atakayepotea kwenye skrini, na umati utavutwa kwenda kwa aliyekuwa anashindwa. Manju ametunga nyimbo mwaka mzima, vijana wake wamefanya mazoezi baada ya kutoka shamba, halafu ushindi unaamuliwa na meza ya plastiki.

Hapo ndipo utani wa yule mzee wa dawa unapoacha kuchekesha.

Timu inayotaka kuheshimika kwenye viwanja hivi inabidi ikubaliane na pande zote mbili kabla ya ngoma ya kwanza kupigwa. Nguzo mbili za urefu sawa, kila moja upande wake. Chaneli mbili zilizo mbali. Skrini igawanywe nusu kwa nusu, asipewe mtu picha kubwa peke yake. Betri zibadilishwe pande zote kwa wakati mmoja. Na picha ya upande wowote ikikatika, ya mwenzake itolewe palepale, skrini ihamie kwenye kamera ya tatu, ile yenye waya, iliyofungwa juu ya mnara wa mbao tangu asubuhi na isiyotegemea wimbi lolote. Kutoka huko juu jembe la bugobogobo linaonekana kama kijiti cha kiberiti na sura ya manju huitambui, lakini duara la kila upande linaonekana lilivyo, na vumbi la watu wanaohama.